Ngoma Ivumayo Haidumu: Moto, Sauti na Istilahi katika Chumba cha Mwako cha Turbini ya Gesi

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Bamburi haishi mbali na sauti za vitu vikubwa. Upande wa mashariki, mawimbi ya Bahari ya Hindi hupasukia kwenye mwamba wa matumbawe usiku na mchana. Upande wa bara, ng'ambo ya barabara iendayo Malindi, kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 huchoma mawe ya chokaa ya matumbawe katika tanuri lizungukalo. Juu angani hupita ndege zinazoshuka kuelekea uwanja wa kimataifa wa Moi, ulio Changamwe. Mwenyeji akiulizwa kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu hufanya nini, yamkini atajibu kwa kitenzi kimoja: bahari yavuma, tanuri lavuma, ndege yavuma. Isitoshe, katika Kiswahili hata habari huvuma, na mtu mwenye sifa huvuma pia.

Kwa mazungumzo ya barazani, upana huo wa maana ni utajiri. Kwa fundi aliye zamu karibu na mtambo wa kufulia umeme, upana huohuo waweza kuwa hatari. Ndani ya turbini ya gesi kuna sauti iliyo dalili ya uzima na kuna sauti iliyo dalili ya uharibifu, na zote mbili "huvuma". Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi moto na sauti vinavyolishana katika chumba cha mwako cha turbini, kwa nini kulishana huko huvunja chuma, na ni kwa namna gani Kiswahili chaweza kulibeba somo hili. Hoja kuu ni moja: maneno yanayohitajika kwa sehemu kubwa yamo tayari katika lugha, kinachokosekana ni makubaliano ya kulipa kila neno kazi yake.

2.0 Turbini ya Gesi na Jina Lake

Kabla ya kuingia katika sauti, yafaa kwanza kuondoa utata uliomo katika jina la mtambo wenyewe. Wasomaji wengi wakisikia "turbini ya gesi" hudhani ni turbini inayochoma gesi kama ile ya mtungi wa jikoni. Sivyo. Neno "gesi" hapa halitaji fueli; linataja kitu kinachoyasukuma mapanga ya turbini. Katika turbini ya maji, kisukumacho ni maji; katika turbini ya mvuke, ni mvuke; katika turbini ya gesi, ni hewa iliyochanganyika na mazao ya mwako, ikiwa moto sana na yenye nguvu ya kutanuka. Fueli inayoiwasha hewa hiyo yaweza kuwa gesi asilia, dizeli au mafuta ya taa.

Mombasa yenyewe ina ushahidi. Kwa miaka mingi, kituo cha Kipevu katika eneo la Changamwe kilikuwa na turbini mbili za gesi, kila moja ikiwa na uwezo wa takriban megawati 30. Zilichoma mafuta, si gesi asilia, maana Kenya haikuwa na bomba la gesi asilia la kuzilisha. Turbini hizo baadaye zilihamishiwa Embakasi, Nairobi, kisha zikapelekwa Muhoroni, magharibi mwa nchi, mwaka 2016. Mtambo mkubwa wa Kipevu III wa megawati 120, uliozinduliwa mwaka 2011, si turbini bali ni mkusanyiko wa injini za dizeli. Anayetaka kuona turbini zinazochoma gesi asilia kwa wingi hana budi kuelekea kusini hadi Dar es Salaam, ambako gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, na ambako baadaye vilijengwa vituo vya Kinyerezi.

Iwe Kipevu, iwe Kinyerezi, iwe chini ya bawa la ndege ishukayo Changamwe, turbini ya gesi ina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni kompresa, ambayo huvuta hewa ya nje na kuishindilia hadi shinikizo lake lifike mara 10 hadi 20 ya shinikizo la kawaida, na zaidi ya hapo katika mitambo mipya. Ya pili ni chumba cha mwako, ambamo fueli hupulizwa kupitia vichomeo na kuungua katika hewa hiyo. Ya tatu ni turbini yenyewe, yaani magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na gesi moto. Nayo huzungusha kompresa na jenereta. Sauti inayochunguzwa katika makala haya huzaliwa katika sehemu ya pili.

Ikumbukwe kuwa kelele inayosikika nje ndege inaporuka si hasa hiyo. Sehemu kubwa ya kelele ya ndege hutokana na feni ya mbele na mkondo wa gesi inayotoka nyuma kwa kasi. Mtetemo wa chumba cha mwako waweza kuwa mkali mno ndani ya mtambo ilhali mpita njia hana habari.

3.0 Moto Unaoimba

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkejeli mtu mwenye maneno mengi na maarifa machache. Hata hivyo, maana yake ya wazi, kabla ya ile ya ndani, ni kweli ya kifizikia. Debe lililojaa mchele likigongwa hutoa mlio mfupi uliokufa. Debe tupu hurefusha sauti, maana hewa iliyomo ndani ina nafasi ya kwenda na kurudi kati ya kuta zake. Kila uwazi wenye kuta una midundo yake unayoipenda. Ukichochewa kwa mdundo huo, huuitikia na kuukuza. Ukichochewa kwa mdundo mwingine, huunyamazia. Tabia hiyo makala haya yanaiita mwitikio. Ndiyo inayoipa siwa ya Lamu sauti yake, na ndiyo inayoifanya chupa ya soda ilie inapopulizwa mdomoni.

Chumba cha mwako nacho, kwa jicho la elimu ya sauti, ni debe tupu. Tofauti ni kuwa ndani yake mna moto, na moto si kitu kikaacho kimya. Mnamo 1777, Mwairishi Bryan Higgins alibaini kuwa mwali wa hidrojeni uliowekwa ndani ya bomba la kioo huweza kutoa sauti ya muziki. Mwaka 1859, Pieter Rijke wa Uholanzi alichukua bomba lililosimama wima, lililo wazi juu na chini, akaweka wavu wa waya katika nusu yake ya chini, akaupasha wavu huo moto hadi ukawa mwekundu. Alipouondoa mwali, bomba lililia kwa nguvu mpaka wavu ulipopoa. Bomba likilazwa, sauti hukatika, kwa kuwa hewa haipandi tena kupitia wavu. Wavu ukiwekwa nusu ya juu, sauti haitoki. Mahali ambapo sauti huwa kali zaidi ni robo ya urefu wa bomba kutoka chini.

Jambo hilo lilihitaji maelezo. Wavu ni uleule, joto ni lilelile na bomba ni lilelile. Kwa nini mahali pawe na neno la kusema? Jibu lilitolewa mwaka 1878 na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, nalo hadi leo ndilo msingi wa somo zima.

4.0 Kanuni ya Bembea

Kanuni ya Rayleigh yaweza kueleweka kwa mfano wa mtoto aliye juu ya bembea. Anayemsukuma hahitaji nguvu nyingi, anahitaji wakati. Akimsukuma bembea inapoanza kuondoka, kila msukumo mdogo huongeza mwendo, na baada ya misukumo michache mtoto yu juu. Akimsukuma bembea inapomjia, nguvu ileile huua mwendo.

Katika chumba cha mwako, bembea ni shinikizo la hewa, ambalo hupanda na kushuka kadiri wimbi la sauti linavyopita. Msukumaji ni joto la moto. Moto ukitoa joto la ziada wakati shinikizo liko juu, wimbi hupata nguvu. Ukitoa joto hilo wakati shinikizo liko chini, wimbi hudhoofika. Hata hivyo, kupatana kwa wakati pekee hakutoshi: nguvu inayoingizwa na moto lazima izidi ile inayopotea kupitia kuta, matundu na mlango wa kutokea. Ikizidi, wimbi hukua lenyewe bila kupigwa na mtu yeyote, hadi lifike kikomo chake. Hali hiyo makala haya yanaiita mtetemo wa kujilisha.

Swali linalofuata ni jinsi moto unavyojua kuwa shinikizo limepanda. Hapa ndipo mrejesho unapoingia. Shinikizo likipanda ndani ya chumba, hewa inayopita katika kichomeo hupunguzwa kasi kwa muda mfupi. Fueli ikiendelea kutoka kwa kiwango kilekile, mchanganyiko wa wakati huo huwa na fueli nyingi kuliko kawaida. Bonge hilo la mchanganyiko mzito husafiri kutoka kwenye tundu la fueli hadi mahali pa moto, na likifika huungua kwa joto la ziada. Kwa hiyo kila shinikizo lipandapo, moto huletewa taarifa, lakini taarifa hiyo huchelewa njiani.

Mfano wa hesabu utasaidia. Katika gesi ya joto la turbini, sauti husafiri karibu mita 800 kwa sekunde, zaidi ya maradufu ya kasi yake katika hewa ya kawaida, ambayo ni kama mita 340. Tuseme chumba cha mwako ni cha umbo la pete na mzingo wake ni mita 4. Wimbi linalozunguka pete hiyo litarudi lilikoanzia mara 200 kwa sekunde (800 ÷ 4), yaani hezi 200. Mzunguko mmoja basi huchukua sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde.

Sasa tuseme tundu la fueli liko sentimita 25 kabla ya moto, na mchanganyiko husafiri mita 50 kwa sekunde. Safari hiyo nayo huchukua sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Bonge zito lililotengenezwa wakati shinikizo lilipokuwa juu litafika kwenye moto mzunguko mmoja baadaye, wakati shinikizo liko juu tena. Bembea imesukumwa barabara. Tundu likisogezwa hadi sentimita 12.5 kutoka kwenye moto, safari itachukua nusu ya muda huo. Bonge litafika shinikizo likiwa chini, na wimbi litakatwa nguvu. Fueli ni ileile, joto ni lilelile, umeme unaofuliwa ni uleule. Sentimita chache ndizo zimetenga mtambo tulivu na mtambo unaojivunja. Katika mtambo halisi hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa moto si nukta moja na ucheleweshaji una vyanzo vingi, lakini mantiki haibadiliki.

5.0 Uzito wa Asilimia Moja

Msomaji aweza kuuliza: mtetemo wa sauti, hata ukiwa mkali, utavunjaje chuma? Tuchukue chumba cha mwako chenye shinikizo mara 15 ya lile la kawaida, na tuseme mtetemo ni wa asilimia 1 tu ya shinikizo hilo. Asilimia hiyo moja ni sawa na paskali 15,000 hivi. Juu ya kila mita moja ya mraba ya ukuta, ni nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,500, yaani mifuko 30 ya saruji ya kilo 50. Kwa mtetemo wa hezi 200, mzigo huo huwekwa na kuondolewa mara 200 kila sekunde, sawa na mara 720,000 kwa saa. Kama ungekuwa sauti ya kusikiwa na sikio, ungezidi desibeli 170, kiwango ambacho sikio la binadamu haliwezi kukihimili bila kudhurika.

Chuma chembamba kilicho katika joto kali hakivumilii desturi hiyo. Huchoka, huota nyufa, na kipande kikimeguka huchukuliwa na mkondo wa gesi hadi kwenye mapanga ya turbini. Aidha, mtetemo huweza kuuzima moto, au kuurudisha nyuma hadi ndani ya kichomeo na kukiunguza. Ngoma ivumayo haidumu: hapa methali imekuwa sheria ya uhandisi.

Ulinganisho na tanuri la saruji la Bamburi unaangaza jambo hili. Katika tanuri la namna hiyo mwali hufikia kiasi cha nyuzi 2,000 za Selsiasi, na mawe hupikwa hadi karibu nyuzi 1,450. Joto hilo halina upole. Lakini tanuri hufanya kazi karibu na shinikizo la kawaida la hewa, na moto wake umetandazwa katika nafasi kubwa. Turbini huweka moto wake katika chumba kidogo chenye shinikizo kubwa. Hivyo, asilimia 1 ya mtetemo katika tanuri ni kitu kidogo, na asilimia ileile katika turbini ni nyundo.

Historia ya roketi imeacha funzo kubwa zaidi. Marekani ilipokuwa ikiunda injini ya F-1 kwa ajili ya roketi ya Saturn V mwanzoni mwa miaka ya 1960, mitetemo ya mwako iliharibu injini katika majaribio. Wahandisi walifanya majaribio yapatayo 2,000 ya injini kamili. Walifikia hatua ya kulipua baruti ndogo ndani ya chumba cha mwako ili kuona kama mtetemo ungekufa wenyewe. Suluhisho lilitokana na kuweka kuta fupi za shaba kwenye bamba la vichomeo na kubadilisha mpangilio wa matundu. Injini hizo ndizo zilizoinua safari ya mwaka 1969 iliyomfikisha binadamu mwezini.

6.0 Usafi Ulioleta Kelele

Turbini za zamani za kufulia umeme hazikusumbuliwa sana na tatizo hili. Ndani yake, fueli na hewa vilikutana palepale penye moto. Mwali wa namna hiyo ni imara kama wa kibatari: upepo mdogo hauuyumbishi. Kasoro yake ni kuwa sehemu za mwali huwa na joto kupita kiasi, na katika joto hilo nitrojeni ya hewa huungana na oksijeni na kufanya oksidi za nitrojeni. Gesi hizo huchangia mvua ya asidi na uchafu wa hewa unaodhuru mapafu.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, sheria za mazingira katika nchi za viwanda ziliwalazimisha watengenezaji kubadili njia. Fueli ilianza kuchanganywa na hewa nyingi kabla ya kuufikia moto, ili mwali uwe mwepesi na usio na sehemu zenye joto la kupindukia. Oksidi za nitrojeni zilipungua sana. Lakini moto huo mwepesi uko karibu na mpaka wa kuzimika, na badiliko dogo la mchanganyiko huubadili sana. Vilevile, kuta zilizokuwa na matundu mengi ya hewa ya kupoza, ambayo yalikuwa yakimeza sauti, zilipunguziwa matundu ili hewa yote iende kwenye vichomeo. Hivyo, kwa mkupuo mmoja, msukumaji wa bembea aliongezewa wepesi na breki ya bembea ikaondolewa. Mtetemo wa kujilisha, uliokuwa suala la roketi, ukawa suala la vituo vya umeme.

Majira nayo yana sehemu yake. Hewa ya kaskazi yenye joto ni nyepesi kuliko ile ya kusi, na turbini iliyorekebishwa kwa hewa moja yaweza kuhitaji marekebisho madogo kwa hewa nyingine, kwa kuwa kasi, mchanganyiko na joto la mwali vyote hubadilika.

7.0 Istilahi: Ngurumo, Mvumo, Ukelele

Wahandisi wa Ulaya na Marekani walipoanza kupanga mitetemo hii katika mafungu, hawakwenda kutafuta maneno ya Kilatini. Waliokota maneno ya kila siku yanayotaja sauti za wanyama, wadudu na watu. Hilo ni fundisho kwa wanaisimu wa Kiswahili. Mara nyingi mjadala wa istilahi hapa kwetu huelekea kwenye utohozi, kama kwamba sayansi haiwezi kuvaa kanga. Utohozi una nafasi yake: "turbini" na "kompresa" yameshazoeleka, na hayana sababu ya kufukuzwa. Lakini kwa sauti, Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kinachohitajika ni upanuzi wa maana ulio na mipaka. Makala haya yanapendekeza mafungu matatu.

(a) Ngurumo: mtetemo wa chini, kiasi cha hezi 10 hadi 50. Hutokea hasa mwali unapokaribia kuzimika. Sehemu yake iliyo chini ya hezi 20 haisikiki kwa sikio la binadamu. Huhisiwa kifuani na miguuni, kama radi ya mbali.

(b) Mvumo: mtetemo wa kati, hasa kati ya hezi 100 na 300. Ndio unaotokana na mawimbi yanayokwenda kwa urefu wa chumba au kuzunguka pete yake, na ndio uliohesabiwa katika sehemu ya 4.0.

(c) Ukelele: mtetemo wa juu, wa hezi 1,000 na zaidi. Huzaliwa ndani ya kila chumba kidogo cha mwako kwa upana wake, na kwa sababu ya wingi wa mapigo yake huweza kuharibu kuta kwa muda mfupi sana.

Pamoja na hayo matatu, panahitajika neno la nne kwa sauti isiyo na ugonjwa. Kila moto mkubwa hutoa sauti ya mchafuko, isiyo na noti moja, kama sauti ya mawimbi kwenye mwamba wa Bamburi yasikikapo kwa mbali. Ndani yake mna noti zote kwa kiasi kidogo na hakuna inayotawala. Kwa sauti hii neno "uvumaji" laweza kutengwa na "mvumo", au litumike "shindo la mchafuko". La muhimu si neno gani litashinda, bali tofauti isipotee: bahari haina noti, honi ya meli ina noti. Turbini nzima hulia kama bahari. Turbini mgonjwa hulia kama honi.

Tatizo la pili la istilahi ni wingi wa visawe. Kwa dhana moja Kiswahili kina "kanieneo", "shinikizo" na "presha". La kwanza laonekana vitabuni, la pili katika maandishi ya jumla, la tatu vinywani mwa mafundi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, istilahi haikomai kamusini. Hukomaa katika matumizi. Fundi wa Changamwe asemaye "presha imepanda" anaelewa vema anachosema. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kumsikiliza kabla ya kumsahihisha.

Tofauti ya mwisho ni kati ya "sauti" na "mtetemo". Kila sauti ni mtetemo, lakini si kila mtetemo ni sauti kwa sikio. Ngurumo ya hezi 12 haisikiki, nayo huvunja. Kwa hiyo ripoti inayosema "hakuna sauti mbaya" haitoshi kuthibitisha usalama.

Tazama sentensi mbili ambazo zingeweza kuandikwa katika daftari la zamu. Ya kwanza: "Mashine inavuma." Ya pili: "Mvumo wa noti moja umeanza baada ya mzigo kuongezwa, nao haujabadilika kwa dakika kumi." Ya kwanza ni kweli siku zote, na kwa hiyo haimwambii mhandisi chochote. Ya pili inamtaka achukue hatua. Zote ni Kiswahili sanifu. Moja tu ndiyo Kiswahili cha kazi.

8.0 Tiba za Mtetemo

Tiba hutokana moja kwa moja na kanuni ya bembea. Ya kwanza ni kuvuruga wakati: matundu ya fueli huwekwa katika umbali tofauti, au vichomeo hupewa kiasi tofauti cha fueli, ili mabonge mazito yasifike yote kwa pamoja. Ni kama wasukumaji kumi wasio na mpangilio. Bembea haiendi popote. Ya pili ni kuongeza mwali mdogo imara katikati ya kila kichomeo, ili uushike ule mwepesi. Gharama yake ni kurudisha sehemu ya oksidi za nitrojeni.

Ya tatu ni kumeza sauti. Vyumba vidogo vyenye shingo nyembamba huunganishwa kwenye ukuta wa chumba cha mwako. Kila kimoja hutengenezwa ili kiitikie noti ile inayosumbua, na nguvu ya wimbi huishia shingoni mwake. Hapo debe tupu limefanywa mlinzi: uwazi ulioleta taabu unatibiwa kwa uwazi mwingine. Ya nne ni kupiga bembea kinyume kwa makusudi. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilitumia vali za haraka katika baadhi ya turbini zake kubwa. Mtetemo ulipopimwa, vali hizo zilibadili fueli kwa wakati uliopingana nao.

Juu ya tiba zote kuna usikivu. Vihisi vya shinikizo hufungwa karibu na moto, na kompyuta huigawanya sauti iliyopokewa katika noti zake, kama mche wa kioo unavyogawanya nuru katika rangi. Noti moja ikianza kuchomoza juu ya nyingine, onyo hutolewa, na mtambo hupunguziwa mzigo kabla ya chuma kuchoka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uharibifu unaotokana na sauti katika turbini ya gesi hausababishwi na ukali wa moto peke yake, bali na kupatana kwa wakati kati ya moto na shinikizo. Yameonyesha pia kuwa Kiswahili kina ngurumo, mvumo na ukelele, kina mwitikio na mrejesho, na kina hata methali mbili zilizoitaja kweli hii kabla ya maabara kuithibitisha. Somo lisilofundishwa kwa lugha ya mwenye zamu hubaki mikononi mwa aliye mbali na mtambo. Kazi iliyobaki kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni kutoka darasani, kukaa na mafundi wa Bamburi, Changamwe, Muhoroni na Kinyerezi, kuyakusanya maneno yao, na kuyawekea mipaka.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza kwa nini jina "turbini ya gesi" laweza kumpotosha msomaji, kisha pendekeza jina mbadala na ulitetee.

2. Chumba cha mwako chenye umbo la pete kina mzingo wa mita 5, na kasi ya sauti ndani yake ni mita 800 kwa sekunde. Tafuta idadi ya mitetemo kwa sekunde. Je, mtetemo huo utaangukia fungu gani kati ya yale matatu?

3. "Debe tupu haliachi kuvuma" na "Ngoma ivumayo haidumu" zina maana ya wazi na ya ndani. Jadili jinsi maana ya wazi inavyoweza kutumika katika kufundisha sayansi.

4. Kusanya maneno yasiyopungua matano ambayo mafundi wa mahali unapoishi huyatumia kutaja sauti za mitambo, na ueleze tofauti zake.